Je, Mtunzi Anadaiwa na Wimbo Wake? Kesi ya Simon Bikindi

Katika somo la fasihi simulizi tunafundishwa kwamba kazi ya fanani ikishatoka kinywani huwa mali ya hadhira. Hadhira huichukua, huipunguza, huiongeza, huipeleka mahali ambapo fanani hakukusudia, wala fanani hana haki ya kulalamika. Kauli hii inapendeza, na kwenye mtihani huleta alama. Lakini nikiitazama kutoka hapa Kigali, kuna maisha ya mtu mmoja yanayoifanya iwe ngumu kumezwa. Mtu huyo ni Simon Bikindi, mtunzi na mwimbaji wa nyimbo za asili, aliyefikishwa mbele ya mahakama ya kimataifa na nyimbo zake zikafikishwa pamoja naye.

Swali langu ni hili. Wimbo uliotungwa kwa ajili ya sherehe ukija kutumiwa na wengine kuandaa mauaji, mtunzi wake anadaiwa nini? Siulizi sheria inasema nini peke yake. Sheria imekwisha kusema, nami nitaeleza ilichosema. Ninauliza kuhusu deni ambalo halina hakimu.

Bikindi alizaliwa mwaka 1954 katika uliokuwa mkoa wa Gisenyi, kaskazini magharibi mwa nchi. Alikuwa mtumishi wa wizara iliyohusika na vijana na michezo, na akaongoza kikundi cha nyimbo na ngoma kilichoitwa Irindiro. Umaarufu wake haukutokana na siasa kwanza. Alipendwa kwa kuwa alijua kuimba, na kwa kuwa aliuchukua muziki ambao watu walidhani ni wa wazee na kuuvisha nguo mpya. Chini kabisa kulikuwa na mambo ya nyumbani: mwimbaji anayeanzisha, kundi linaloitikia, makofi, ngoma, Kinyarwanda kilichojaa methali na majina ya kale. Juu yake akaweka vyombo vya kisasa. Kijana wa mjini akasikia kitu ambacho hakikumtia aibu mbele ya muziki wa Zaire au wa Ulaya, na bibi yake kijijini akasikia kitu alichokijua. Si kila msanii anayeweza kuwakalisha hao wawili kwenye mkeka mmoja.

Wapo wanaosema kwamba ubaya ulianzia hapo hapo, yaani katika kuutoa wimbo wa asili mahali pake na kuutia kwenye kaseti. Siamini hivyo hata kidogo. Cécile Kayirebwa, aliyezaliwa mwaka 1946 na kuhamia Ubelgiji mwaka 1973, naye aliimba nyimbo za mtindo wa asili akisindikizwa na vyombo vya kisasa, na sauti yake ikawa faraja kwa Wanyarwanda waliokuwa mbali na kwao. Chombo hakina hatia. Mwenye kutafuta kosa katika gitaa atapoteza muda wake na kumwachia mwenye kosa nafasi ya kupita.

Jambo la kutazama zaidi ni mahali ambapo wimbo uliimbwa. Wakati wa utawala wa Juvénal Habyarimana, chama cha MRND kilichoundwa mwaka 1975 kilimhesabu kila Mnyarwanda kuwa mwanachama tangu kuzaliwa, na kuimba na kucheza kwa kuisifu serikali kulikuwa sehemu ya maisha ya ofisini na ya vijijini, kama ilivyokuwa kwa jirani zetu wa Zaire ya Mobutu. Wala hilo halikuwa geni katika historia yetu. Washairi wa mahakama za wafalme nao waliishi kwa kusifu. Msanii wa Rwanda alikuwa amezoea kwa karne nyingi kukaa karibu na kiti cha mwenye nguvu, na Bikindi alikikuta kigoda hicho kimekwisha kuwekwa. Ninalitaja hili nikijua kwamba halimwondolei mtu wajibu, ila linaonyesha kwamba njia yake haikuanza na chuki. Ilianza na kazi ya kawaida na makofi ya watu.

Nyimbo zilizojadiliwa sana mahakamani ni tatu. Wa kwanza ni Twasezereye, maana yake “tuliaga”. Aliutunga mwaka 1987, nchi ilipotimiza miaka 25 ya uhuru. Unasherehekea kuondoka kwa ufalme na ukoloni. Mtu akiusikia siku ile uwanjani angeweza kusema kwamba ni wimbo wa taifa linalojipongeza, kama zilivyo nyimbo nyingi za uhuru Afrika nzima. Wa pili ni Nanga Abahutu, ambao ulikuja baada ya vita kuanza Oktoba 1990. Jina lake linasema “ninawachukia Wahutu”, na kwa juujuu mwimbaji anawasema Wahutu wenzake wasioshikamana na ndugu zao. Wa tatu ni Bene Sebahinzi, “watoto wa Sebahinzi”. Hapa mwanafunzi wa lugha asimame kidogo. Katika Kinyarwanda, “se” ni baba yake, na “abahinzi” ni wakulima. Sebahinzi basi ni baba wa wakulima, na katika nchi ambamo kwa miaka mingi neno mkulima lilitumiwa kumaanisha Mhutu na mfugaji kumaanisha Mtutsi, kila msikilizaji alijua watoto hao ni akina nani. Kabila halikutajwa katika jina hilo wala halikuhitaji kutajwa.

Sisi tunaosoma Kiswahili tuna neno la jambo hili: fumbo. Na tuna methali yake, fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Huwa tunaisoma methali hii kama sifa ya mwerevu. Mimi naisoma pia kama onyo kuhusu mfumbaji, kwa sababu fumbo humpa msemaji mlango wa nyuma. Akibanwa atasema sikumtaja mtu. Linganisha na Siti binti Saad wa Zanzibar, aliyerekodi nyimbo zake Bombay mwaka 1928. Katika wimbo wake wa Kijiti aliimba habari ya mauaji ya mwanamke na akamtaja mwuaji kwa jina. Anayetaja jina anasimama mbele ya neno lake, naye anaweza kuulizwa, kubishiwa, hata kushtakiwa. Anayefumba huwaachia wasikilizaji kazi ya kumalizia sentensi, kisha huonyesha mikono yake mitupu.

Sasa tufike Arusha. Bikindi alikamatwa Leiden, Uholanzi, mwaka 2001, na akapelekwa mbele ya mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyoundwa mwaka 1994 kwa ajili ya Rwanda. (Arusha ni mji wenye kumbukumbu ndefu kwetu. Mkataba wa amani wa Agosti 1993, ambao ungezuia yote haya kama ungeheshimiwa, ulitiwa saini huko huko.) Alishtakiwa kwa makosa sita. Wataalamu wakaitwa kueleza maana ya beti, na nyimbo zilizotungwa ili zichezewe ngoma zikafasiriwa kwa Kiingereza na Kifaransa, zikachambuliwa neno kwa neno. Hukumu ilitolewa tarehe 2 Desemba 2008, na mahakama ya rufaa ikaithibitisha Machi 2010: kifungo cha miaka 15 kwa kosa moja tu kati ya sita, la kuchochea hadharani na moja kwa moja kufanyika kwa mauaji ya kimbari.

Wengi hudhani kwamba alifungwa kwa nyimbo. Hapana. Majaji walikubali kwamba nyimbo hizo tatu zilipotosha historia ya Rwanda ili kutukuza mshikamano wa Wahutu, na kwamba mwaka 1994 zilitumiwa katika propaganda ya kuwachochea watu kuwashambulia Watutsi. Redio ya RTLM, iliyoanza kurusha matangazo Julai 1993, ilizipiga. Lakini nyimbo zote zilikuwa zimetungwa kabla ya 1994, na mahakama hiyo haikuwa na mamlaka isipokuwa juu ya matendo ya mwaka huo. Zaidi ya hayo, haikuthibitika pasipo shaka kwamba Bikindi alizitunga kwa nia mahususi ya kuchochea mauaji, wala kwamba yeye ndiye aliyehusika kuzirusha hewani mwaka 1994. Kilichomtia hatiani ni maneno aliyoyasema mwishoni mwa Juni 1994, katika barabara ya kati ya Kivumu na Kayove, akiwa katika msafara wa Interahamwe, ndani ya gari lenye vipaza sauti. Kwa vipaza sauti hivyo aliwaita Wahutu wainuke wawaangamize Watutsi. Aliporudi njia ile ile aliuliza kama wamekuwa wakiwaua, akiwaita nyoka.

Mwenzangu mmoja ninayeishi naye hapa Kagugu, anayetoka Goma, husema kwamba hukumu hiyo imemaliza mjadala. “Mhunzi anayefua panga hahukumiwi,” aliniambia. “Anahukumiwa aliyelishika. Bikindi alihukumiwa siku aliposhika yeye mwenyewe. Kabla ya hapo alikuwa mhunzi.” Ni hoja nzuri, na nimekaa nayo muda mrefu kuliko nilivyotaka. Inalinda jambo la thamani, kwani tukianza kuwafunga watunzi kwa yale ambayo wengine wameyasikia katika mafumbo yao, hatutabaki na mwimbaji hata mmoja nje ya gereza isipokuwa wale wanaosifu. Kwa hiyo niseme waziwazi kwamba kuhusu sheria nakubaliana na majaji. Kumfunga mtu kwa wimbo kunahitaji ushahidi wa nia, na ushahidi huo haukutosha.

Lakini mfano wa mhunzi una kasoro. Panga hukata hata kama mshikaji hamjui aliyelifua. Wimbo haukati hivyo. Wimbo hufanya kazi kwa kuaminiwa, na huaminiwa kwa sababu ya sauti inayouimba. RTLM haikuzichagua nyimbo za Bikindi kwa kukosa watu wa kupayuka, maana wapayukaji ilikuwa nao wa kutosha. Ilizichagua kwa sababu watu walizipenda tayari. Mtu aliyechezea ngoma za Irindiro miaka ya 1980 alikuwa na mlango ulioachwa wazi moyoni mwake kwa ajili ya sauti hiyo, na kupitia mlango huo huo kikaingizwa kitu kingine. Miaka ile ya furaha ndiyo iliyokuwa mtaji, na mwaka 1994 mtaji huo ulitumika. Mahakama yenyewe iliona hivyo ilipopima adhabu, kwani ilihesabu umaarufu wake kama msanii, na ushawishi aliokuwa nao kwa sababu hiyo, kuwa jambo la kulizidisha uzito kosa lake. Mhunzi hana kitu kama hicho cha kukopesha. Panga lake halina uso wake.

Hapa ndipo taarabu inapoweza kutufundisha kuliko vitabu vingi vya falsafa. Katika ukumbi wa taarabu wimbo unaweza kuwa umetungwa kuhusu mapenzi tu, wala mtunzi hamfikirii jirani yeyote. Lakini mwanamke mmoja anainuka kwenda kutunza, fedha mkononi, anatembea polepole akipita mbele ya meza ya hasimu wake, na kwa mwendo huo peke yake wimbo umepata mtu wa kumsema. Ukumbi mzima umeelewa. Maneno ni yale yale, ila sasa yana anwani. Je, mwimbaji hakuona? Ameona. Yuko jukwaani, juu kuliko wote, na fedha zimewekwa mkononi mwake. Anaweza kupokea na kuendelea na ubeti kama kawaida. Anaweza kupokea kisha akaurudia ubeti ule ule kwa mkazo, na hapo amekwisha kuingia ugomvini. Au anaweza kuugeuza wimbo na kuanza mwingine. Wanaojua taarabu watakuambia kwamba wapo waimbaji wanaosifiwa kwa kujua lini wa kufanya hilo la tatu.

RTLM ilikwenda kutunza. Ilizichukua nyimbo ikazipitisha mbele ya meza ya watu fulani, na watu hao hawakuwa wanabishania bwana, walikuwa wanasakwa wauawe. Ndiyo maana swali ambalo naliona la msingi halikuwa mbele ya majaji, wala halikupaswa kuwa mbele yao. Wao waliuliza: alipotunga alikusudia nini? Na: ni nani aliyerusha hewani? Mimi nauliza: alipousikia wimbo wake umepewa anwani, alifanya nini?

Labda utasema namdai mtunzi awe mtabiri. Mwaka 1987 nani aliujua mwaka 1994? Pingamizi hili lina nguvu dhidi ya mtu anayesema Bikindi alikosa siku alipoitunga Twasezereye. Mimi sisemi hivyo, ingawa sidhani pia kwamba wimbo ule ulikuwa safi. Wimbo unaosherehekea kuondoka kwa utawala wa kifalme, katika nchi ambayo maelfu ya Watutsi waliofukuzwa kuanzia 1959 walikuwa bado wakimbizi Uganda, Burundi, Zaire na Tanganyika ya zamani, ulikuwa na watu ambao haukuwaalika. Lakini deni ninalolisema halianzi siku ya kutunga. Linaanza siku ya kujua. Mtu hahitaji utabiri ili kujua kilicho redioni leo.

Na sisi Wanyarwanda tuna sababu ya pekee ya kutoona dai hili kuwa geni, kwa kuwa tunalitekeleza kila mwaka. Kagugu ni kilima chenye kelele. Jumamosi misafara ya harusi hupita ikipiga honi, baa zinashindana kwa spika, na anayejiandaa kwa mtihani hana budi kuziba masikio au kuhamia maktaba. Lakini inapofika tarehe 7 Aprili na wiki ya maombolezo ikaanza, nyimbo hizo hukoma. Wimbo wa harusi haujawa dhambi. Maneno yake hayajabadilika hata herufi moja. Mwenye baa hajatunga chochote wala hana nia mbaya. Hata hivyo akiupiga siku hiyo, majirani wote watajua kwamba amefanya jambo baya, na hakuna atakayekubali akisema kwamba wimbo wenyewe ulitungwa kwa nia njema. Tunajua basi, bila kufundishwa na mwanafalsafa, kwamba wimbo una wakati, na kwamba anayeweza kuunyamazisha anadaiwa kwa kutounyamazisha. Ikiwa tunamdai hivyo mwenye spika mbili mlangoni, kwa nini tusimdai mwenye sauti yenyewe?

Kunyamazisha si lazima kuwe ushujaa. Sitaki kuandika nikiwa na umri wangu huu, nimezaliwa baada ya yote hayo, nikaagiza watu wa wakati ule wafe. Mwanamuziki aliyesimama hadharani Aprili 1994 na kusema “msipige wimbo wangu kwa kazi hii” pengine asingefika Mei. Simdai mtu hilo. Lakini baina ya kufa na kupanda kwenye gari la msafara kuna nafasi pana sana: kunyamaza, kuugua, kukimbia, kujifanya sauti imekauka. Wanyarwanda wengi waliishi katika nafasi hiyo kwa miezi mitatu. Si ya kujivunia, lakini ipo, na Bikindi hakuitumia.

Hapo ndipo narudi kwenye barabara ya Kivumu na Kayove, kwa sababu nadhani sisi wasomi wa fasihi tumeacha kuisoma barabara hiyo kama sehemu ya kazi yake. Wanasheria wametenganisha vitu viwili: huku nyimbo, ambazo hazikumtia hatiani, na huku hotuba, iliyomtia. Kwa kazi yao ilibidi watenganishe. Kwa kazi yetu haibidi. Hukumu inaeleza kwamba vipaza sauti vya gari lile vilikuwa vikipiga nyimbo, zikiwemo nyimbo zake mwenyewe, na kwa vipaza sauti hivyo hivyo akazungumza. Hebu tulifikirie hilo. Miaka mingi watu wamebishana juu ya fumbo la Sebahinzi, kama lilikuwa fumbo la kilimo, la historia, au la kitu kingine. Katika fasihi tunatamani sana mtunzi angekuwepo atueleze alimaanisha nini. Hapa mtunzi alikuwepo. Wimbo ulipigwa, kisha mwenye wimbo akashika kipaza sauti akaongeza maelezo. Kila aliyesimama kando ya barabara aliusikia wimbo na tafsiri yake kwa pumzi moja, kutoka katika kinywa kile kile.

Hilo halithibitishi alichokuwa nacho moyoni mwaka 1987. Majaji walikuwa sahihi kutoruka kutoka hapa kwenda kule. Lakini maana ya wimbo haigandi siku ya kutungwa, na wale wanaosema kazi ni mali ya hadhira wanakubaliana nami katika hilo, tena wao ndio walionifundisha. Wanachosahau ni kwamba mtunzi naye hubaki kuwa mmoja wa hadhira ya wimbo wake, tena msikilizaji mwenye kauli kuliko wote. Anaweza kuukubali usomaji mpya au kuukana. Mwishoni mwa Juni 1994 Bikindi aliukubali, na kwa kuukubali akaufanya kuwa wake. Kuanzia saa hiyo hawezi tena kusema kwamba RTLM ilimwibia wimbo. Mwizi hafuatwi na mwenye mali akimsaidia kubeba.

Kwa hiyo jibu langu kwa mwenzangu wa Goma ni kwamba mhunzi wake hakugeuka kuwa muuaji ghafla siku moja barabarani. Alikuwa amesimama mlangoni mwa kiwanda chake muda wote, akiona foleni, akiona panga zinakwenda wapi. Mwenzangu hajakubali. Anasema nimemfanya kila msanii kuwa mlinzi wa usiku wa kazi zake, asilale. Labda. Lakini msanii hupokea fedha za kaseti hata akiwa amelala, na sifa humfikia hata akiwa safarini. Sijamwona anayezikataa kwa hoja kwamba wimbo umekwisha kuwa mali ya hadhira.

Kuna upande mmoja wa jambo hili ambao bado unanisumbua, nao unahusu wasiotajwa. Nyimbo za asili ya kwetu haziimbwi na mtu mmoja. Yupo anayeanzisha na wapo wanaoitikia, na bila waitikiaji hakuna wimbo, kuna mtu anayesema peke yake. Bikindi alipelekwa Arusha, akatumikia kifungo chake Benin, na akafia huko huko mwaka 2018. Lakini kwenye kaseti kuna sauti nyingine nyuma ya sauti yake, za watu walioimba kiitikio, waliopiga makofi, waliopiga ngoma, pamoja na fundi aliyerekodi. Sidhani wanadaiwa sawa naye. Mwitikiaji hana jina la kukopesha, na wengi wao pengine walikuwa vijana wa rika langu waliofurahi tu kuchaguliwa katika kikundi maarufu. Hata hivyo, nyumbani kwa mtu, redio ikiwa mezani, waliokuwa wakisikiliza hawakuimba sehemu ya Bikindi, kwani hiyo ilikuwa ngumu. Waliimba kiitikio.